Kanseri ya umio na panya wa maabara: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, alianza kwa kushushia bugali kwa maji. Baada ya miezi akawa anameza uji tu. Fibroskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa kooni, ikaonyesha uvimbe kwenye umio, njia ya kushusha chakula tumboni, na mwanawe akanijia na simu mkononi: amesoma kwamba ng'ambo wanapandikiza kipande cha uvimbe wa mgonjwa kwa panya ili kujaribu dawa. "Yaya, kisipoota kwa panya, si mama amepona?"

Dhana: kisipoota, ugonjwa ni mwepesi.
Hapana, mdogo wangu. Vipande vingi haviwi chochote, na mara nyingi sababu iko kwenye kipande chenyewe. Kinachokatwa kwa fibroskopi hakizidi punje ya mchele, na pengine kimejaa nyama iliyokufa, chembe za kanseri zikiwa chache. Kikicheleweshwa kufika maabara, hata hizo hufa. Umio nao ni njia ya chakula na mate, kwa hiyo bakteria husafiri na kipande na kukiozesha. Aliyekwisha kupewa dawa za kanseri au mionzi, chembe zake hai huwa zimepungua. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosema mgonjwa amepona.

Dhana: panya yeyote anafaa.
Panya wa darini kwetu angekikataa, maana ana kinga. Mwaka 1969 watafiti Rygaard na Povlsen wa Denmark walifaulu kuotesha uvimbe wa mtu kwa panya asiye na manyoya, aliyezaliwa bila tezi ya thaimasi, hivyo hana chembe T za kinga. Siku hizi wako panya wasio na chembe B za kinga pia, wala zile zinazoua chembe ngeni moja kwa moja. Kipande kilichokataliwa na yule asiye na manyoya kinaweza kuota kwa huyu.

Dhana: kinachoota ni uvimbe uleule.
Hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Wakati mwingine kinachovimba ni limfoma, kanseri ya chembe za kinga: chembe B za mgonjwa zenye virusi vya Epstein-Barr ziliingia na kipande, zikakuta panya hana kinga, zikazaana. Ukipapasa, uvimbe upo. Ukitazama kwa darubini, si kanseri ya umio. Na hata uvimbe ukiwa wa kweli, nyama na mishipa inayozunguka chembe za kanseri hugeuka polepole kuwa ya panya.

Dhana: tungoje panya aamue.
Kuota huchukua wiki nyingi, mara nyingi miezi. Mama asiyemeza hana miezi hiyo. Kijana alitia simu mfukoni, akauliza daktari wa upasuaji anapatikana siku gani.