Je, wajua kwa nini mwindaji wa watoro Marekani hupewa leseni na idara ya bima?

Mtu akishtakiwa pale Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, na kosa lake likawa linadhaminika, hakimu hutaja masharti ambayo ndugu waliojazana nje wanayajua kwa moyo: wadhamini wawili wa kuaminika, wenye barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho cha taifa, kila mmoja asaini bondi ya kiasi fulani. Simu zinaanza kupigwa. Mjomba yuko wapi? Shemeji ana kitambulisho? Anayekuja kusaini anakuja kwa undugu au urafiki, na mshtakiwa akiruka dhamana, yeye ndiye atakayesimama mbele ya hakimu kujieleza.

Marekani kazi hiyo ya mjomba imegeuzwa biashara.

Tuseme mahakama imepanga dhamana ya dola 50,000 na familia haina. Inakwenda kwa wakala wa dhamana, inamlipa asilimia 10, yaani dola 5,000, naye anaiahidi mahakama kwamba mshtakiwa atafika siku ya kesi. Asipofika, zile 50,000 zote zinadaiwa kwake. Msomaji wa Kenya aliyezoea kuweka fedha taslimu mahakamani na kurudishiwa kesi ikiisha atilie hili maanani: dola 5,000 za wakala hazirudi, hata kesi ikifutwa wiki inayofuata. Ni ada, sawasawa na ile unayolipia bima ya gari. Na kwa kawaida nyuma ya wakala imesimama kampuni ya bima inayobeba hasara ikitokea. Ndiyo maana katika majimbo mengi anayemsimamia ni idara ya bima, wala si polisi.

Nchi zinazoruhusu biashara hii ni mbili tu zinazojulikana, Marekani na Ufilipino. Uingereza, ambako Wamarekani walirithi sheria yao, kukubali kumfidia mdhamini ni kosa la jinai kwa Sheria ya Dhamana ya 1976. Waingereza waliona kwamba mdhamini asiyekuwa na cha kupoteza hana sababu ya kumchunga mtu wake.

Sasa mshtakiwa katoroka. California humpa mdhamini siku 180 kumrudisha kabla fedha hazijachukuliwa moja kwa moja. Siku zikiyoyoma, wakala humtafuta mwindaji, mtu anayelipwa sehemu ya ile dhamana akimleta mtoro, na akirudi mikono mitupu kwa kawaida halipwi kitu.

Mamlaka ya kumkamata mtu anayapata wapi? Hapa kuna jambo la kushangaza. Mwaka 1872 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Taylor dhidi ya Taintor. Mtuhumiwa wa wizi aliyedhaminiwa Connecticut alikwenda New York, akakamatwa huko na kupelekwa Maine kwa kosa jingine, na wadhamini wake wakaomba wasidaiwe. Walishindwa. Lakini katika kueleza sababu, majaji waliandika kwamba mtu akidhaminiwa, ulinzi wa mdhamini wake ni mwendelezo wa kile kifungo cha mwanzo. Mdhamini anaweza kumfuata hadi jimbo jingine, kumkamata hata siku ya Sabato, na ikibidi kuvunja mlango wa nyumba yake. Kesi haikuhusu kuvunja mlango wa mtu yeyote. Ni maneno yaliyosemwa pembeni, na ndiyo yaliyojenga kazi nzima ya uwindaji. Katiba ya Marekani inamzuia polisi kuingia nyumbani kwa mtu kiholela, lakini mwindaji ni raia wa kawaida anayetekeleza mkataba, na kizuizi hicho kwa kawaida hakimgusi.

Kwa hiyo kwa muda mrefu majimbo mengi hayakuuliza mwindaji ni nani, kasoma nini, wala kafungwa mara ngapi. Ilichukua damu. Agosti 1997, mjini Phoenix, Arizona, wanaume waliovaa mavazi ya kuzuia risasi walivunja nyumba usiku na kuwaua kijana na mpenzi wake. Walidai ni wawindaji waliokuwa wakimfuata mtoro wa dhamana. Ikabainika kuwa walikuwa majambazi. Jina la kazi hiyo lilikuwa kisingizio chao. Kinachonisumbua ni kwamba kisingizio hicho kiliweza kusikika. Sheria ya Arizona iliyofuata inadai leseni, na inamkataza mwindaji kuingia nyumba yenye watu bila ridhaa ya waliomo.

Majimbo mengine yamepita njia zao. Florida imelipiga marufuku hata jina lenyewe la mwindaji. Mtoro hukamatwa na polisi au na wakala mwenye leseni. California, yenye biashara kubwa, ilianza kudai leseni ya idara ya bima kwa wawindaji Julai 2023 tu. Huko mwindaji haruhusiwi kuvaa beji wala sare ya kumfananisha na askari, na lazima awaarifu polisi wa eneo hilo ndani ya muda wa saa sita kabla ya kwenda kukamata, isipokuwa kwa dharura. Fikiria jirani anayepiga simu usiku kuwa watu wenye silaha wanagonga mlango wa pili. Bila taarifa ile, askari anayefika hana namna ya kujua nani ni nani.

Na leseni ya jimbo haivuki mpaka wa nchi. Mwaka 2003 Duane Chapman, mwindaji maarufu kuliko wote, alimkamata Andrew Luster, mtoro aliyeruka dhamana ya dola milioni 1, huko Puerto Vallarta, Mexico. Luster alirudishwa California kutumikia kifungo, lakini Chapman mwenyewe alitiwa mbaroni na Wameksiko, maana kwao kumnyima mtu uhuru kwa namna ile ni jinai.

Kuna majimbo yaliyoifuta biashara yenyewe. Kentucky ilifanya hivyo 1976. Illinois, ambayo ilikwisha waondoa mawakala miaka ya 1960, ilikwenda mbali zaidi Septemba 18, 2023, ikaondoa dhamana ya fedha kabisa. Siku hizi asiyetokea mahakamani Chicago hutafutwa na polisi, kwa hati iliyosainiwa na jaji.