Salio kubwa sio lazima faida kubwa: jinsi ya kumpima mteja wa benki

Kazi yangu ni hesabu za gharama za benki, na mameneja wengi nikiwauliza mteja wao mzuri ni nani wananitajia mwenye salio kubwa. Salio ni nusu ya hesabu tu. Mtu ana amana nono lakini kila siku yuko kaunta na mafurushi ya noti za kuhesabiwa, mara anataka barua, mara kapiga simu kostomakea, na riba ya amana ashaibembeleza mpaka ikapanda, huyo anaweza kuwa anaila benki, wakati mwenye mshahara wa kawaida anaemaliza mambo yake yote kwenye simu ndo anaacha faida.

Ndo maana tunagawa gharama kwa shughuli, yaani kila kazi anayofanyiwa mteja inahesabiwa gharama yake, njia iliyosambazwa na Robin Cooper na Robert Kaplan wa Harvard miaka ya 1980 mwishoni. Kampuni moja ya Sweden, Kanthal, ilipopima hivyo ikakuta asilimia 20 ya wateja wanaleta asilimia 225 ya faida, asilimia 70 wako katikati hapo, karibu hawaleti faida wala hasara, na asilimia 10 waliobaki wanakula asilimia 125!

Mi natumia zaidi ile ya dakika, ya Kaplan na Steven Anderson ya 2004. Tuseme kaunta inagharimu milioni 8 kwa mwezi na matela wote, yaani wahudumu wa kaunta, pamoja wana dakika 100,000, toa mapumziko, mafunzo na mikutano zinabaki kama 80,000, kwa hiyo dakika moja ni 100 na kuweka hela kwa dakika 4 ni 400. Sasa mwezi huo zikitumika dakika 60,000 tu, wengi wanagawa milioni 8 kwa 60,000, dakika inapanda mpaka 133, na hapa naomba msikilize jamani, mteja anabebeshwa gharama ya tela aliyekaa bila kazi! Anaonekana hasara, anapandishiwa ada, anahama, dakika zinazotumika zinapungua tena na waliobaki nao wanaanza kuonekana hasara. Zile 20,000 ni milioni 2 ya uwezo uliokaa bure, iandikwe peke yake, ni mzigo wa menejimenti.

Upande wa mapato, riba ya mkopo usiichukue yote, toa kwanza bei ambayo hazina ya benki, kitengo kinachosimamia hela zake, inaliuzia tawi hela, afu toa hasara inayotarajiwa kwa mikopo chechefu, ile isiyolipwa inavyotakiwa. Mwenye amana nae kwenye hesabu apewe chake, maana hazina inazinunua hela zake.

Anaeleta hasara usimfukuze haraka. Mhamishie kwenye simu, au mlipishe ile huduma inayokula muda. Ila ukimhamisha na idadi ya matela ikabaki ile ile, ripoti yake itapendeza lakini gharama ya benki haijashuka hata senti, dakika zimetoka tu kwa mteja zikaingia kwenye fungu la uwezo uliokaa bure.