Milioni 50 za boma si milioni 50 za zahanati

Juzi tena. Mkutano wa kitongoji, mji mdogo, jua la saa nane. Mzee mmoja akanyanyua fimbo: "Mhandisi, milioni 50 tumezisikia redioni. Mchanga tuchange wa nini?" Makofi. Mimi ni mkadiriaji majenzi, si mhandisi, ila hilo nimeshaacha kulisahihisha.

Fedha ambayo Serikali Kuu ya Tanzania imekuwa ikiipeleka halmashauri, shilingi milioni 50 kwa boma la zahanati, yaani jengo ambalo wananchi wamelianza na kuinua kuta, ni ya kukamilisha. Boma la darasa lilipewa milioni 12.5. Mwaka 2021, kwenye fedha za UVIKO-19, darasa jipya kuanzia msingi lilipewa milioni 20. Ndani ya tofauti hiyo mna msingi na kuta, na aliyepanga kiwango cha boma alishahesabu kuwa hizo ni kazi yenu wananchi.

Kinachoniudhi ni kwamba kiwango ni kimoja na maboma hayafanani. Hili limefika lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kuta zimenyooka, liko kando ya lami. Lile limenyeshewa misimu sita, tofali za juu zimerudi kuwa udongo, na lenta ina nondo pungufu kwa sababu nyingine "ziliazimwa". Tena lilipimwa kwa hatua za miguu, kwa hiyo limezidi ramani. Watu hulionea fahari boma pana. Mimi naona kenchi za paa ndefu zaidi, bati zaidi, lipu zaidi, sakafu zaidi, na hela ileile. Kabla ya kuezeka utabomoa kozi tatu za tofali, na hakuna aliyeandika kubomoa kwenye bajeti. Hapo mchanga, mawe na maji navyo vikinunuliwa kwa fedha hiyo, mwishoni kitakachokosekana ni milango, dari au choo. Jengo linasimama na bati linalong'aa bila mlango, na mtaani wanasema zimeliwa. Kuliwa kupo, sikatai. Nimewahi kukuta mifuko ileile ya saruji imehesabiwa mara mbili. Lakini maboma mengi niliyoitwa kuyakagua fedha yake ilikuwa ukutani, imemezwa na ule upana.

Mambo ya fosi akaunti, yaani kujenga kwa mafundi wa hapohapo chini ya kamati bila mkandarasi, na kamati zenyewe, ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi, mnayajua. Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha, nayo mnaijua: fedha ikiingia Mei, kila mtu anakimbia, na zege halikimbizwi.

Kuna jambo silisemi kikaoni. Ule mstari wa "nguvu za wananchi" kwenye makadirio yangu, mara nyingi naujaza mwisho kabisa, ili jumla ikae ndani ya kiwango. Siulizi mto uko umbali gani wala kama wiki hiyo ni ya palizi. Na tunaposema fosi akaunti ni nafuu kuliko mkandarasi, sina hakika kama ni nafuu kweli au ni kwamba siku za watu hazina bei kwenye karatasi zetu. Mwalimu mkuu anayeshinda stoo akihesabu misumari, kipindi chake cha hesabu kinalipwa kutoka fungu gani?

Mzee alinisubiri hadi mwisho, akaninong'oneza: "Haya, mwanangu, tripu ngapi za mchanga?"

Nikasema nane. Boma lingefuata ramani, ningesema sita.