Je, wajua kwa nini Wamarekani wengi waliamini Saddam ndo alihusika na Septemba 11?

Jana kijiweni hapa Majengo, Dodoma, dogo mmoja wa chuo kauliza swali likafanya kahawa ipoe. Hivi hawa Wamarekani na vyuo vyote vile imekuwaje wakaamini Saddam Hussein, yule rais wa Iraq, ndo kaangusha yale maghorofa ya New York Septemba 11, 2001? Maana Agosti 2003 gazeti la Washington Post lilifanya kura ya maoni, watu 69 kati ya 100 wakasema kuna uwezekano Saddam alihusika. Wakati walioteka zile ndege walikuwa 19, kati yao 15 Wasaudia, Muiraki hata wa dawa hakuwemo.

Wazee wakamaliza kwa neno moja, wajinga. Mi sikubali.

Kwanza, Bush, rais wao wakati ule, hakuwahi kutamka wazi kwamba Saddam ndo alipanga. Alichokuwa anafanya, hotuba moja anataja Septemba 11, anataja ugaidi, anataja Saddam, pumzi hiyohiyo, halafu anakuachia wewe mwenyewe uunganishe. Runinga zinarusha hivyohivyo siku baada ya siku, na magazeti makubwa yanamnukuu ofisa wa serikali kisha ofisa mwingine anayemuunga mkono yule wa kwanza. Septemba 2003 Bush kaulizwa, kajibu hakuna ushahidi kuwa Saddam alihusika. Vita ya kumng'oa Saddam ilishaanza tangu Machi.

Halafu kuna hili la kujiona taifa teule. Tangu 1630 John Winthrop aliwaambia walowezi wenzake watakuwa mji juu ya kilima, maneno ya Injili ya Mathayo hayo, na Reagan akaja kuyarudia sana. Ukishakua unaamini nchi yako haipigani ila kwa wema, huulizi tena kama vita ni halali, unauliza tu mbaya wetu safari hii nani.

Angalia Oktoba 1990, Iraq ishaivamia Kuwait. Binti wa miaka 15, Nayirah, kakaa mbele ya wabunge wa Marekani analia, anasema kaona askari wa Iraq wakiwatoa watoto njiti kwenye mashine wanawaacha sakafuni wafe. Nani asilie? Rais, yule Bush baba, akaibeba kwenye hotuba kibao, Januari 1991 Seneti ikaridhia vita kwa kura 52 dhidi ya 47. Mwaka 1992 ndo ikajulikana binti ni mtoto wa balozi wa Kuwait palepale Washington, na nyuma yake ilikuwepo Hill & Knowlton, kampuni ya kulipwa kuipigia debe Kuwait. Hadithi yenyewe haikuthibitika.

Sasa nikamwambia dogo, nenda Kibaigwa sokoni kamwambie mkulima lumbesa, ule mtindo wa kujaza gunia kupita kipimo, imeisha. Atakucheka, gunia analiona limetuna kama mjamzito. Bei ya mahindi humdanganyi mtu kwa sababu kaamka nayo. Ila Baghdad utaenda kuhakiki na nini, bodaboda?

Na si Wamarekani tu. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao wa karanga Kongwa, mkoani kwetu hapahapa, matrekta kibao, kwao wanahubiriwa kwamba Afrika ikipata mzungu na mashine italisha Uingereza mafuta. Mgogo yeyote, mwenyeji wa huku, angewaambia mvua ya kule inavyokata katikati ya msimu, na udongo ukikauka ni sakafu, lakini msomaji wa gazeti London angemuuliza Mgogo gani? Mpaka wanaufuta 1951, pauni milioni 36 hivi zimeteketea.

Dogo akageuka kwa mzee mmoja pale, shikamoo babu, vita ya Kagera nyie mlikuwa mnaifuatilia wapi?

"RTD," mzee akajibu, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, redio ya serikali.

Na kwingine?

"Kwingine wapi tena?" Akasogeza kikombe kiongezwe.