Albamu za kununua na za kuacha: dhana potofu kuhusu dansi, taarab na Bongo Fleva

Dhana: Santuri ya enzi zile ndiyo bora, CD za mkusanyiko ni za wasiojua muziki.

Kwa dansi la Tanzania, anayeshikilia hili anajinyima uhondo. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilibeba dakika chache tu kila upande, na wimbo wa dansi haumaliziki kwa dakika hizo. Kwa hiyo ulikatwa: mashairi upande wa kwanza, chemko, yaani sehemu ya mwisho yenye kasi ya kuchezeka, upande wa pili. Gitaa la solo ndiyo kwanza linapamba moto, mara sauti inafifia, unainuka kwenda kugeuza santuri.

Isitoshe, Tanzania ya wakati huo haikuwa na kiwanda cha santuri, bendi zilitegemea Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, njia hiyo ikawa ngumu, na kazi nyingi za bendi kama Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, zikabaki kwenye kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam. Kuna nyimbo ambazo utaitafuta santuri yake mpaka uchoke, kwa sababu haikutengenezwa.

Ndiyo maana nasema toleo la 5 la mfululizo wa CD uitwao Zanzibara, wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, linunuliwe bila kusita. Linahusu Dar es Salaam ya 1978 hadi 1983. Wanamuziki walipiga pamoja, chumba kimoja, na hilo linasikika: besi inajibizana na tumba, tarumbeta zinaingia kwa mpigo mmoja, na chemko linafika lenyewe bila kukatizwa. Toleo la 3, la dansi la miaka ya 1960, nalo ni zuri, ila mimi ningeanza na la 5.

Dhana: Mkusanyiko wowote wa "zilizopendwa" unatosha.

Hautoshi. Mingine ina nyimbo zilizopigwa upya miaka mingi baadaye, kinanda kikiwa kimeshika nafasi ya tarumbeta na mapigo ya mashine nafasi ya mpiga dramu. Jina la wimbo ni lile lile, roho yake haipo. Soma jalada kwanza. Kama halitaji mwaka wala mahali wimbo uliporekodiwa, rudisha kwenye rafu. Kwa Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa wa dansi aliyefariki kwa ajali ya gari Januari 1979, tafuta CD ya Masimango ya kampuni ya Dizim ya Ujerumani. Gitaa lake lilivyo safi mle, huhitaji kusimuliwa na mtu kwa nini watu bado wanamlilia.

Dhana: Taarab asilia iliondoka na Bi Kidude.

Bi Kidude, mwimbaji mkongwe wa taarab, alifariki Aprili 2013, lakini Zanzibar haikunyamaza. Sikiliza albamu ya Chungu ya Rajab Suleiman na kikundi chake cha Kithara. Ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayodonolewa, inaongoza, ala ni chache, kila mmoja anampisha mwenzake. Nunua.

Dhana: Bongo Fleva ni muziki wa singo, yaani wimbo mmoja mmoja, albamu zake hazina maana.

Aliyesikiliza Machozi, Jasho na Damu ya rapa Professor Jay, ya mwaka 2001, hawezi kusema hivyo. Mtayarishaji P-Funk aliacha mapigo yapumue ili maneno yasikike, na maneno yenyewe yana uzito: mwanasiasa anaahidi kila kitu, wananchi wanaitikia "ndiyo mzee". Hiyo isikilize mwanzo hadi mwisho.

Ila si kila albamu ya jina kubwa ni ya kununua nzima. A Boy from Tandale ya Diamond Platnumz, iliyotoka 2018, ina nyimbo tamu, lakini kwangu inasikika kama kapu la singo. Marry You, kwa mfano, ilishatoka mwaka mmoja kabla. Zinunue moja moja zile unazozipenda, na pesa itakayobaki weka kwenye Chungu.