Chunusi nyeupe kwa vijana: maswali ya dirishani

Kuanzia Juni, upepo wa Dodoma unapokausha midomo na kupausha miguu, kwenye duka la dawa ninalofanyia kazi tunauza mafuta ya kila aina. Wiki chache baadaye wanarudi wanafunzi wenye vichunusi vyeupe kwenye paji la uso. Wanatoa shikamoo, wanasubiri wateja wengine waondoke, ndipo wanauliza kwa sauti ya chini. Maswali ni yale yale.

Hivi vipele vyeupe, ndani kuna usaha?

Hakuna. Kila kitundu cha ngozi ya uso kina tezi inayotoa mafuta. Kijana akibalehe, homoni ziitwazo androjeni (wasichana nao wanazo) huzisukuma tezi hizo zifanye kazi kupita kiasi. Wakati huo huo seli za ngozi zilizokufa, badala ya kupukutika, hugandana mdomoni mwa kitundu. Mafuta yakanasa chini yake, ndiyo hiyo chunusi nyeupe. Simama mbele ya kioo, mwanga uje kutoka pembeni, kisha vuta ngozi ya shavu taratibu: utaviona vingi ambavyo hukuvijua.

Mdomo wa kitundu ukibaki wazi, uchafu ule ule wa mafuta na seli hugeuka mweusi. Nimesema uchafu kwa mazoea tu. Si vumbi la Dodoma lile, na dodoki haliutoi, hata usugue mpaka ngozi iwake moto. Usaha na uvimbe huja baadaye, bakteria wa kawaida wa ngozi wanapozaliana ndani ya kitundu kilichoziba na mwili ukaanza kupambana nao.

Mama amenikataza karanga. Ni kweli zinaleta chunusi?

Karanga zimesingiziwa mengi, na huku kwetu zinakolimwa kwa wingi kesi yake ni kubwa. Hakuna ushahidi wa maana dhidi yake. Vyenye ushahidi kiasi ni vyakula vinavyopandisha sukari haraka, kama soda, juisi za sukari na keki, na kwa baadhi ya watu maziwa. Punguza soda, karanga endelea nazo.

Na eti ukipata mpenzi zinaisha?

Haziishi. Aliyekwambia ana yake.

Mbona ngozi yangu imepauka na bado natoka chunusi?

Hapa ndipo wengi wa Dodoma wanapokosea. Hewa kavu hukausha tabaka la juu, lakini tezi za ndani hazina habari na upepo, zinaendelea kumwaga mafuta. Kijana anaona mpauko, anajipaka mafuta ya nazi mpaka anang'aa, na mafuta ya nazi ni hodari wa kuziba vitundu. Siagi ya kakao vivyo hivyo. Mafuta ya mgando meupe yasiyo na manukato hayana kosa kubwa hivyo, ila mimi nayapenda kwenye visigino. Usoni chagua losheni nyepesi iliyoandikwa kuwa haizibi vitundu.

Ukiona chunusi zimejipanga pajini na kando ya masikio, uliza kwanza mafuta ya nywele. Hushuka na jasho, au hubaki kwenye foronya usiku kucha. Na unapoosha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, suuza vizuri, hasa kama maji yenu ni ya kisima yenye chumvi na sabuni haitoki kirahisi.

Nitumie dawa gani?

Kwa chunusi nyeupe naanza na jeli ya adapalini ya asilimia 0.1. Hiyo huzuia seli zisigandane, yaani inashughulikia chanzo. Osha uso usiku, subiri ukauke, chukua kiasi cha punje moja ya njegere, sambaza uso mzima ukikwepa macho na midomo. Usidonee kipele kimoja kimoja, kwa sababu vya mwezi ujao vimeshaanza kuziba pale unapoona pako safi. Wiki mbili za mwanzo paka usiku mmoja, ruka mmoja. Ngozi itawasha kidogo na kupukutika, chunusi zinaweza hata kuonekana zimezidi. Ndipo wengi wanapoitupa. Matokeo huonekana wiki ya 8 hadi ya 12. Mjamzito asiitumie. Mchana vaa kofia au paka krimu ya kuzuia jua.

Kama kuna na vipele vilivyovimba, huongezwa benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5. Hii huua bakteria, na pia huchubua rangi ya nguo: kijana mmoja aliniletea foronya ya bluu yenye mawingu meupe akidhani ni ugonjwa wa ngozi umehamia kitandani. Antibayotiki za kumeza hazina kazi kwa chunusi nyeupe peke yake.

Dawa ya meno na limau huunguza ngozi. Kukamua husukuma uchafu ndani zaidi, na kwenye ngozi zetu nyeusi doa lake hukaa miezi.

Jirani kamletea binti yangu krimu, wiki moja tu uso umekuwa laini na mweupe. Tuendelee?

Mama, hapana. Uharaka huo ndio unaonitia shaka. Krimu nyingi za namna hiyo zina steroidi kali, haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua ngozi) au zebaki, na zimepigwa marufuku nchini. Vipodozi husimamiwa na TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019. Steroidi hutuliza uvimbe kwa muda, kisha ngozi huwa nyembamba na chunusi hurudi kwa wingi, zote zikifanana kama zimepandwa kwa mstari. Kama ameitumia kwa majuma mengi, mpeleke kwa mtaalamu kwanza, kwani kuiacha ghafla huweza kuulipua uso.

Lini niende hospitali?

Ukiwa na manundu ya ndani yanayouma, makovu yanayobonyea, umetumia dawa vizuri miezi mitatu bila nafuu, au umeanza kukwepa shule kwa ajili ya uso. Msichana mwenye chunusi pamoja na hedhi inayoruka miezi na ndevu kidevuni achunguzwe homoni. Anzia kituo cha afya, wakupe rufaa ya kliniki ya ngozi. Na ubebe tyubu zote ulizopaka, hata ile unayoificha chini ya godoro.