Dola Kubwa Ikipata Mshindani: Ishikilie Machache, Iachie Mapema

Nafundisha uhusiano wa kimataifa hapa Dodoma, na kila tukifika kwenye Marekani na China swali huwa lile lile: "Dokta, wewe ungekuwa mshauri wa rais wa Marekani, ungemwambia nini?" Kabla sijajibu, darasa limeshagawanyika. Upande mmoja unataka China ibanwe kila kona. Upande wa pili unasema zama za Marekani zimekwisha, wakubali yaishe. Jibu langu huwaudhi wote: aandike orodha fupi sana ya mambo aliyo tayari kuyapigania kwa silaha, amweleze mshindani wake bila mafumbo, na yaliyobaki aanze kuyaachia sasa. Ukiachia ukiwa bado na nguvu, unadai kitu badala yake. Ukisubiri mpaka uishiwe, unanyang'anywa na hulipwi chochote.

Na Marekani bado ina nguvu, tusidanganyane. Ukihesabu kwa dola, uchumi wake bado unauzidi wa China. Ukihesabu kwa kile fedha inachoweza kununua ndani ya kila nchi, China ilipita mwaka 2014 hivi. Hapo katikati ndipo penye nafasi ya kujadiliana.

Mfano ninaoupenda ni Uingereza ya miaka ya 1890. Tangu 1889 sheria yake ilitaka jeshi lake la majini lilingane na majeshi mawili yanayolifuata kwa ukubwa, yakijumlishwa pamoja. Kumbe wapinzani walikuwa wanaota kama uyoga: Marekani, Ujerumani, Japani, Urusi, na Ufaransa ambaye hakuwahi kuondoka. Hazina ya London isingeweza kushindana na wote kwa wakati mmoja.

Mwaka 1895 Marekani ilijiingiza kwenye ugomvi wa mpaka kati ya Venezuela na koloni la Waingereza la Guiana. Waziri wake wa mambo ya nje, Richard Olney, aliandika barua ya kiburi kabisa, akidai kwamba kwenye bara lile Marekani ndiyo yenye kauli ya mwisho. London ikakasirika, kisha ikatafakari, ikakubali usuluhishi. Hukumu ilipotoka 1899, sehemu kubwa ya ardhi iliyogombewa ikabaki kwa Waingereza! Walichopoteza ni heshima ya kuulizwa kwanza. Mwaka 1901 wakaachia haki waliyokuwa nayo tangu 1850 ya kuwa wabia katika mfereji wowote ambao ungechimbwa Amerika ya Kati. Mwaka 1903, kwenye baraza la mpaka wa Alaska na Kanada, iliyokuwa chini ya Uingereza, jaji wa Kiingereza, Lord Alverstone, alipiga kura pamoja na Wamarekani watatu dhidi ya Wakanada wawili. Kanada ilinuna, na ilikuwa na haki ya kununa. Katikati ya hayo, mwaka 1902, Uingereza ikafunga mkataba na Japani. 1904 ikamaliza magomvi yake na Ufaransa, na 1907 na Urusi. Manowari zilizokuwa zimetawanyika duniani zikaanza kurudishwa nyumbani.

Zilirudishwa kwa sababu ya Ujerumani. Sheria zake za majini za 1898 na 1900 zilikusudia kujenga kundi la meli za vita ng'ambo tu ya Bahari ya Kaskazini. Uingereza ililishwa kwa meli. Hilo lilikuwa kwenye orodha fupi, na hapo hawakuachia hata inchi: mwaka 1906 waliteremsha majini HMS Dreadnought, manowari iliyofanya zote zilizotangulia zionekane za kizamani, na wakaendelea kujenga nyingi kuliko Wajerumani.

Msidhani lakini kwamba na Ujerumani hawakuwahi kupatana. Mkataba wa Julai 1890 uliipa Berlin kisiwa kidogo cha Heligoland, nayo ikakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza. (Watu husema Wajerumani waliiuza Zanzibar. Hawakuwahi kuimiliki, walichoachia ni madai na fursa. Sultani hakuulizwa maoni yake.) Kwa hiyo shida haikuwa Wajerumani kwa Ujerumani wao. Shida ilianza mshindani alipogusa kitu kisichoweza kuachiwa, na London nayo ikashindwa kusema wazi kitatokea nini akikigusa. Sir Edward Grey, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alimpa balozi wa Ujerumani onyo lisilo na utata tarehe 29 Julai 1914. Tarehe 4 Agosti Uingereza ilikuwa vitani, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Siku sita! Treni za wanajeshi zina ratiba, zikishaanza kwenda hazisimamishiki, na onyo la namna hiyo lilipaswa kutolewa miaka kadhaa nyuma.

Wanafunzi wangu wengi hapa ni Wagogo na Warangi, na huwa nawaambia kwamba gharama ya uzembe ule iko kwenye historia ya koo zao. Reli ya Wajerumani ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910, na mji huu ukakua kuizunguka. Aprili 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini waliokuwa upande wa Uingereza, chini ya Jenerali van Deventer, waliteka Kondoa. Mwezi uliofuata kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akawashambulia hapo na kushindwa, na mwisho wa Julai wanajeshi wa van Deventer wakateremka hadi Dodoma na kuikata reli. Wajerumani walikuwa wameshachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipoingia nao wakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakataa. Njaa iliyofuata, ile Wagogo wanayoiita Mtunya, iliendelea mpaka 1920, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba mtu mmoja kati ya watano wa Ugogo alikufa. Watu waliweka watoto wao rehani kwa majirani ili wapate chakula. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na neno la kusema kuhusu idadi ya manowari kwenye Bahari ya Kaskazini.

Nikifika hapo, lazima mtu anyooshe mkono: "Na Munich je, Dokta? Kuachia achia si ndiko kulikomlea Hitler?" Swali ni zuri, na wanaolikwepa hawastahili kufundisha somo hili. Kipimo ninachotumia ni hiki: baada ya kuachia, una uwezo mkubwa zaidi au mdogo zaidi wa kukataa dai litakalofuata? Uingereza ilipowaachia Wamarekani bahari ya Karibiani ilipata manowari za kuweka karibu na kwake. Ilipokubali pamoja na Ufaransa, huko Munich Septemba 1938, Hitler apewe Sudetenland, eneo la Chekoslovakia linalopakana na Ujerumani, Chekoslovakia ilipoteza karibu ngome zake zote za mpakani, na Machi 1939 viwanda vya silaha vya Škoda vikawa mikononi mwa Wajerumani. La kwanza lilikuwa kupunguza mzigo. La pili lilikuwa kumpa adui bunduki. Wanaofananisha kila mazungumzo na Munich huwa hawafanyi hesabu hiyo. Kitu kimoja tu kinafanana kila mahali: anayelipa mara nyingi hayumo chumbani. Kanada, Sultani wa Zanzibar, Wacheki.

Mawasiliano nitayataja kwa kifupi kwa sababu hakuna mwenye akili anayeyabishia, ingawa wanaoyatekeleza ni wachache. Baada ya mgogoro wa makombora ya Cuba mwaka 1962, ambao Kennedy aliumaliza kwa kukubali kimya kimya kuondoa makombora yake Uturuki, Washington na Moscow zilifunga mtambo wa mawasiliano ya moja kwa moja mwaka 1963. Watu huuita simu nyekundu. Ulikuwa wa kutuma maandishi, kwa sababu sauti huleta hasira na tafsiri za haraka. Mwaka 1972 wakaandikiana namna ya manowari zao kupishana baharini. Marekani na China nao wana simu ya kijeshi tangu 2008 na kanuni za kupishana baharini tangu 2014, ila hazitegemeki kama zile. Februari 2023 Marekani ilipolitungua lile puto la China lililoruka juu ya ardhi yake, waziri wake wa ulinzi aliomba kuongea na mwenzake wa Beijing siku hiyo hiyo. Simu haikupokelewa.

Sasa upande wetu, sisi tusio dola kubwa. Washauri wengi wa Washington hutuona kama viti vya kugombewa, na hapa ndipo dola kubwa hukosea kwa namna ya kijinga kabisa. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilikuwa na msimamo kwamba anayeitambua Ujerumani Mashariki anapoteza urafiki wake. Baada ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar tuliruhusu ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki Dar es Salaam. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ikawaondoa wakufunzi wake wa kijeshi ili kututia adabu. Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue na misaada yao mingine yote. Kanada ikaja kufundisha jeshi, na baadaye China ikashika nafasi kubwa. Bonn ilitaka kumziba mpinzani mmoja, ikamfungulia mlango mwingine.

Kongwa, saa moja na nusu hivi kutoka hapa, ni mfano mwingine. Tangu 1964 palikuwa na kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Ureno, iliyokuwa ikiitawala Msumbiji, ilikuwa mwanachama wa NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, hivyo nchi za Magharibi ziliangalia pembeni, na silaha zikatoka Urusi na China. Tarehe 25 Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kuirudishia Beijing kiti cha China, kilichokuwa kikishikiliwa na serikali ya Taiwan, ilipita kwa kura 76 dhidi ya 35, na karibu theluthi moja ya kura hizo 76 zilitoka Afrika. Balozi wetu, Salim Ahmed Salim, alikuwa mstari wa mbele. Miaka kumi baadaye alipogombea ukatibu mkuu wa umoja huo, Marekani ikampigia kura ya turufu. Kinyongo ni mshauri mbaya.

Cha ajabu, wakati huo huo Marekani ilifanya jambo la busara na haikuendelea nalo. China ilipokubali 1967 kujenga TAZARA, reli ya Tanzania hadi Zambia, kilomita 1,860 ambazo Benki ya Dunia ilisema hazilipi, Wamarekani waligharimia sehemu kubwa ya barabara ya Tanzania hadi Zambia. Tukapata vyote viwili. Hadi leo mizigo mingi ya Zambia inapita barabarani, ukweli ambao ndugu zangu wapenzi wa TAZARA hawapendi kuusikia. Jibu zuri kwa reli ya mpinzani lilikuwa barabara. Leo Marekani inafadhili ushoroba wa Lobito, njia ya reli inayoanzia bandarini kule Angola, na Septemba 2024, mbele ya marais wa nchi zetu mbili na Xi Jinping, makubaliano ya kuifufua TAZARA yalitiwa saini Beijing. Washindane hivyo hivyo. Nasi tuendelee kuchagua: reli mpya ya SGR tunayopanda kwenda Dar imejengwa na Waturuki na vichwa vyake vya treni vimetoka Korea Kusini.

Kinachonishangaza ni dola kubwa kuondoka uwanjani kwa hiari yake. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na mwaka huo huo ikaipandishia China ushuru hadi asilimia 145. China ikajibu kwa kubana madini adimu, ambayo usafishaji wake uko karibu wote mikononi mwake, na mwezi Mei wote wawili wakateremsha ushuru Geneva. Huko ni kushikilia kisichoshikika na kuachia kilichokuwa rahisi kukilinda.

Inabaki Taiwan, na hapo orodha fupi za wote wawili zina jina moja. Tangu 1979 Marekani inaitambua Beijing, inaiuzia Taiwan silaha za kujilinda, na haisemi kama itapigana. Nimesema juu kwamba usiache mambo kwenye giza, na wanafunzi hunibana hapo. Msimamo wangu ni kwamba giza hilo linavumilika kwa sababu linawazuia wawili: Beijing isivamie na Taipei isitangaze uhuru. Grey naye alihofia kuwatia jeuri Ufaransa na Urusi, lakini mshindani aliyegusa orodha yake alikuwa mmoja. Kwa hiyo silaha ziende, maneno yapungue. Agosti 2022 Nancy Pelosi, akiwa Spika, alitua Taipei. China ikakizingira kisiwa kwa mazoezi ya kurusha risasi za moto na kukata mazungumzo ya makamanda, yaliyokuja kurudi baada ya Biden na Xi kukutana Novemba 2023. Taiwan haikupata hata kombora moja la ziada kwa ziara ile. Spika mwingine akitaka kwenda, asubiri astaafu kwanza.